Nailoni ya Kiti cha Nyuma

Hii nimeletewa asubuhi, nikaona nisiile peke yangu.

Gervas wa Moshi alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: gari la Kiitaliano la zamani, milango miwili, viti vinne, boneti ndefu. Siku aliposikia kwamba mjane mmoja, Mama Ndekirwa, anauza la namna hiyo aliloachiwa na mumewe, alitoka mbio bila kumaliza chai. Mkewe Aikande akamfuata. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, akasema yeye haachwi.

Gari likatolewa gereji. Lo! Rangi ya damu ya mzee, usukani wa mbao, viti vya ngozi bado vimefunikwa nailoni ya kiwandani. Gervas aliketi, akaliwasha. Injini ikanguruma, naye machozi yakamlengalenga. Hakuwahi kutaka kitu namna ile.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mama Ndekirwa. "Kuna tajiri yuko njiani. Yeye ataliweka ndani, lisiguswe na vumbi. Wewe utalifanyia nini?"

Kabla Gervas hajafungua kinywa, mama mkwe alishalaza kiti cha mbele na kujipenyeza nyuma. Jua lilikuwa kali.

"Uwii! Nailoni inaniunguza! Aikande, nitolee hii kitu!"

Aikande akavuta. Nailoni ya kiti cha nyuma ikachanika yote.

Gervas akazima injini. Kitu kilichotunzwa miaka yote hiyo! Alijua gari limeshaota mbawa. Mjane alikuwa akitazama tu.

"Mama, tusamehe sana," Gervas alisema. Kisha, kwa kuwa maji yalishamwagika, akaongeza: "Najua silipati tena. Lakini tuzunguke hata mara moja. Aikande atakaa nyuma na mama yake, kiti cha mbele kitabaki. Panda na wewe, mama, utuonyeshe barabara aliyoipenda mzee."

Mama Ndekirwa akaziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu, mimi sijawahi kulipanda," alisema. "Mume wangu alikuwa akisema, tutalipanda siku ikifika. Tukangoja. Siku ikafika, ikawa ya kumzika, nikaenda makaburini kwa gari la kukodi."

Kisha akashika nailoni ya kiti cha mbele, akaichana kwa mikono yake mwenyewe.

Walipanda hadi Marangu, vioo chini, mama mkwe akiimba nyuma kwa sauti yote. Kila kona mjane alipiga kelele, "Ongeza moto!" Gervas alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Wakati wa kurudi walimkuta tajiri amesimama getini.

"Pole baba," Mama Ndekirwa alimwambia kupitia dirishani. "Limeshapata watu."

Funzo: Tunza unachokipenda, lakini usikitunze kuliko wale wa kukifurahia nao, kwa maana siku unayoingoja ndiyo hii. Mtumie na yule mwenye sofa la nailoni sebuleni, atajijua.