Mwanashee na Dalili za Wazimu

Palikuwa na Sultani Shamlani, mtawala wa mji wa Kisimbo, aliyeamka siku moja akabandika waraka kwenye mlango wa ngome: mwanamke yeyote apigaye kelele, aliaye bila msiba, arushaye vyombo au asusaye chakula, huyo ni mwendawazimu, na afungiwe humo.

Haikufika Ijumaa ngome ikajaa pomoni. Waume wakabaki jikoni wakiulizana kama mchele hutangulia maji au maji hutangulia mchele.

Mjini humo aliishi Mwanashee, binti wa mshona kofia, fukara wa mali, tajiri wa ulimi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Wanawake walimjia na mizigo ya nyoyo, wakakaa mkekani, wakasema mpaka wakapumua. Aliyojifunza kwao akayatungia kitabu chenye hoja moja: hawa si wendawazimu, wamechoshwa.

Kitabu kikamfikia Sultani. Mwanashee akaletwa barazani, moto umekwisha kukokwa uani.

"Wewe ndiwe unayepinga dalili zangu?"

"Ndimi, Seyyid yangu."

"Kitabu kitachomwa, nawe utafungwa na wenzio!"

"Nimesikia. Ila dalili hizo, Seyyid, ni za wanawake peke yao?"

"Wazimu hauchagui! Mwenye dalili ni mwendawazimu, awe nani. Sisi wanaume hatunazo, ndiyo maana hatumo."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa mkubwa! Baraza zima ni shahidi!"

Kwa desturi ya Kisimbo, aliyehukumiwa hupewa ombi moja. Mwanashee akaomba kucheza bao na Sultani. Mawaziri wakapauka. Tangu atawazwe, Sultani hakuwahi kushindwa bao, kwani hapana waziri aliyethubutu kumshinda. Asiyelijua hilo ni yeye peke yake.

Wakacheza. Mwanashee akala kete. Akala tena.

"Seyyid, mbona jasho?"

"Joto la moto wako!"

"Moto uko uani, Seyyid. Na zamu ni yako."

"Najua!"

"Huna cha kusogeza."

"Nakwambia najua!"

Sultani akapiga ukelele uliomwangusha kasuku. Akalirusha bao, kete zikatawanyika ndevuni mwa kadhi. Kisha akaangua kilio. Halua ikaletwa mbio imtulize, akaisukuma kwa kiwiko.

"Sili! Sili mpaka niombwe radhi!"

Kadhi akachomoa kete moja ndevuni, taratibu, asithubutu kuitazama dunia. Mwanashee akainuka, akakitwaa kitabu chake mkononi mwa karani.

"Seyyid, kitabu hiki kinasema mwenye dalili hizi ni mzima, amechoshwa tu, aachwe aende zake nyumbani. Waraka wako unasema ni mwendawazimu, afungiwe ngomeni, awe nani. Na moto unawaka. Tuchome kipi?"