Paja la Mkesha

Aliyeoka jana hukaa na mgeni leo. Neno hili mmelisikia asubuhi kwa shangazi yenu, alipomwona dada yenu akikimbizana na sufuria huku wageni wamekaa sebuleni wanatazamana na ukuta. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Limetoka huku huku kwetu milimani, na lilianza na paja moja la mbuzi. Kaeni niwaeleze.

Hapo zamani, katika kijiji kimoja cha juu huku Upare, kulikuwa na tanuri moja tu. Lilijengwa kwa matofali nyuma ya kanisa, na mtunzaji wake alikuwa Mama Naetwe, mwoka mikate. Siku za kawaida lilitosha. Siku ya Krismasi kila nyumba ilitaka kuoka paja lake, na tanuri halikuwa na tumbo la kuyameza yote. Ikawekwa zamu: wake wakubwa wa kijiji kwanza, mke mgeni wa mwisho. Wala hapakuwa na mtu wa kuoka mapema, kwa sababu nyama ya sikukuu ilipaswa kuokwa siku ya sikukuu. Ya jana ilikuwa kiporo, na mgeni hapewi kiporo. Watu wa milimani tukishika jambo tumelishika.

Mke mgeni wakati huo alikuwa Nambua. Mumewe, Mbazi, alimtoa chini tambarare, kule kwenye joto na vumbi, na alimwoa bila ridhaa ya baba yake, Mzee Kajiru, aliyekuwa amekwisha kumchagulia msichana wa jirani. Tangu harusi, mzee hakukanyaga kwao. Alipita njia ya juu kusudi asipite mlangoni pao. Katika ukoo ule, baba mkwe akimkatia mke wa mwanawe nyama kwa mkono wake, basi amempokea. Nambua hakuwahi kukatiwa nyama. Alikuwa akiishi mle kama mtu aliyeacha mzigo wake mlangoni, hajui aingie nao au aondoke nao, na jambo hilo lilimuuma.

Krismasi ilipokaribia, mzee alituma salamu. Angekula kwa mkwe wake mkubwa, Mama Eliapenda, mke wa kaka yake Mbazi, halafu pengine angepita kwa Mbazi kabla ukungu haujafunga njia. Aliishi ng'ambo ya bonde na macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo ukungu ukishuka hakuweza kuvuka mto. Nambua alipiga hesabu akaona giza. Zamu yake tanurini ilikuwa jioni. Nyama ingeiva mzee amekwisha kwenda, na kama mwaka huo angemkuta na meza tupu, asingerudi tena.

Aliomba kubadilishana zamu. Kila mmoja alikuwa na wageni wake. Alirudi nyumbani akajikunyata na shuka, maana baridi ya huku juu ilikuwa haijamzoea wala yeye hajaizoea. Akiwa amekaa hivyo, meno yakigongana, akamkumbuka mama yake kule chini. Kwao nyama haikuweza kulala, joto lingeiharibu kabla ya alfajiri. Hapa juu hata maji ya mtungi asubuhi yaliuma vidole. Wenyeji walizaliwa ndani ya baridi hiyo, hawakuwahi kuifikiria. Yeye aliyeichukia ndiye aliyeona kwamba ina kazi.

Siku ya mkesha, mikate ya sikukuu ilipotoka tanurini, jua lilikuwa bado juu na matofali yana moto wa kutosha. Nambua akamfuata Mama Naetwe na paja lake chunguni, amelipaka chumvi, vitunguu saumu na limau.

"Leo?" Mama Naetwe akauliza. "Utamlisha mzee kiporo?"

"Kiporo ni chakula kilichobaki, mama. Hiki hakijaliwa na mtu."

Mama Naetwe akasogeza mlango. "Weka. Mimi sijaona kitu."

Nambua akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa tanuri. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisikia joto hadi kwenye mifupa. Ukungu ukapanda kutoka bondeni taratibu, ukafuta migomba, ukafuta kanisa, ukabaki ule ukuta na harufu ya limau na mafuta. Akasinzia. Akajiona kwenye meza ndefu isiyo na mwisho, mama yake upande huu, na upande ule mtu ambaye hakumwona uso, na wote wakiongea polepole bila haraka ya kuondoka. Alipozinduka alikuwa na machozi na hakujua ya nini.

Alilitoa paja likiwa limeiva lakini ngozi haijakaza. Hakulikata, lisije likapoteza maji yake. Alilifunika pamoja na mchuzi wake, akalitundika kwenye kapu ghalani, pale upepo wa mlima ulipopenya kati ya mbao.

Krismasi, baada ya ibada, wanawake wakahamia tanurini. Yalikuwa makubwa. Huyu kaingiza lake, yule kalisukuma pembeni, mlango ukafunguliwa na kufungwa mpaka moto ukakata tamaa. Mama Eliapenda alikuwa na zamu ya kwanza, akasimama pale akililinda paja lake lisihamishwe, moshi machoni, asithubutu kwenda hata nyumbani kuangalia mlango.

Nambua alikuwa amekwisha kuweka chungu chake kwenye makaa machache na kupalia mengine juu ya mfuniko, ngozi ikikauka polepole. Hakuwa na la kufanya, na hilo lilimtia hofu kuliko kazi. Akaoga, akavaa kitenge chake kizuri, akaketi mlangoni. Ukungu ulikuwa umeanza kunyemelea njia. Ndani yake akaona fimbo, kisha kofia, kisha Mzee Kajiru mzima.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akamtazama. "Umekaa?"

"Nimekaa, baba. Nilikuwa nakungoja."

"Nimetoka kwa mkwe wangu mkubwa," mzee akasema, akiketi. "Viti vimepangwa vizuri, watu hakuna. Nimezungumza na paka mpaka nikachoka."

Mbazi akaja akakaa, ametahayari. Mzee akamuuliza Nambua habari za kwao, pengine kwa kukosa la kusema. Nambua akamweleza tambarare ilivyo, mvua inavyoonekana ikitembea mbali kabla haijafika, ng'ombe wanavyorudi wakiwa wekundu kwa vumbi. Mzee alikuwa ameitazama nchi ile kutoka juu maisha yake yote na hakuwahi kumuuliza mtu kuna nini. Akauliza tena, na tena. Baadaye akasema, "Marehemu mama yenu alinipa chakula cha moto kila sikukuu. Nikijaribu kukumbuka tulizungumza nini siku hizo, sikumbuki. Alikuwa jikoni."

Nambua akaleta nyama. Mzee akaonja, akatafuna taratibu.

"Hii imeokwa lini? Tanuri bado lina ugomvi."

Mbazi akainamisha kichwa. Nambua angeweza kutafuta uongo, lakini hakuwa na nguvu ya kuubeba.

"Jana, baba. Zamu yangu ni jioni, nawe usingeweza kungoja."

"Jana," mzee akarudia. Aliweka kisu chini. "Jana mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua kama nitakuja."

Kisha akakichukua tena kile kisu, akakata kipande kwenye ubavu wa mfupa palipo laini, akakiweka katika kiganja cha Nambua. Nambua akakila akilia, wala hakujificha.

Wakaendelea kuzungumza. Ukungu ukafunga njia na mzee akauona ukifunga, hakuinuka. "Nitalala hapa," alisema tu.

Jioni Mama Eliapenda akafika na sinia, masizi usoni, amechoka hata sauti imemkauka. "Baba, tumekutafuta kila mahali. Nyama ndiyo kwanza imeiva."

Mzee akasogea kumpisha kwenye benchi. "Keti, mwanangu."

"Nitaketije, baba? Nimewaacha wageni, sijasalimiana na mtu tangu asubuhi."

Mzee akampokea lile sinia, akamshika mkono akamketisha karibu na Nambua. Hakumcheka. Alisema kwa huruma, kama mtu anayemwambia na marehemu mkewe: "Aliyeoka jana hukaa na mgeni leo."