Wati Kumi na Tano

Tiii. Tiii. Tiii.

Ilikuwa saa tisa usiku, baridi ya milimani inang'ata, na sauti ilitoka kwenye chumba cha betri cha zahanati. Tusekile alishtuka kabla hajafumbua macho vizuri. Akajua. Kila aliyelala pale aliijua sauti ile: betri za sola zimebakiza kidogo, na zikiisha mashine ya oksijeni inazimika, na mashine ikizimika Lusajo hana kingine cha kumvutia pumzi.

Lusajo alikuwa mwanawe, wa siku tisa, aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba. Mrija puani, kifua kama cha ndege.

Muuguzi wa zamu alikimbilia jenereta. Aliivuta mara tano ndipo ikawaka. Mara zote tano Tusekile alizihesabu huku ameshika mguu wa mtoto, mguu wenyewe haujafikia urefu wa kidole chake.

Asubuhi mganga mfawidhi, Daktari Mwaipaja, alisimama mbele ya kompyuta ya zahanati, mikono kiunoni.

"Mchawi ndiye huyu," akasema. "Anakula umeme kama bwana harusi anavyokula ukweni."

Kompyuta ile haikuzimwa usiku wala mchana, kwa sababu taarifa za wagonjwa zilitumwa wilayani usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Aliyeitunza alikuwa Tusekile mwenyewe. Kidato cha nne chake kilimpatia kazi ya ukarani wa takwimu pale pale, na hata sasa akiwa mzazi, Lusajo akishalala, aliingia kuichungulia.

Akampigia fundi Bupe, mwanamke wa wilayani aliyeifunga mitambo ile. Bupe akamwelekeza kwa simu. Ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta kuna mahali panapoonyesha wati zinazotumika, na chini yake mahali pa kuweka kikomo.

"Nimeona, dada Bupe. Inaandika arobaini na mbili."

"Hizo ni za prosesa, ule ubongo wake. Iwekee kikomo cha kumi na tano. Itakuwa mvivu kidogo, lakini haitavuka hapo."

Tusekile akaandika kumi na tano. Namba ikashuka, ikatulia hapo kama kuku aliyepata kiota. Akashusha pumzi.

Sasa, kijiji kile hakina umeme, na jioni watu huleta simu zao zahanati zikachajiwe. Ndiyo desturi. Tusekile angewakataaje, na wanawake hao hao ndio waliomletea uji wa ulezi tangu siku alipojifungua? Simu ya kwanza alipoichomeka pembeni ya kompyuta alitazama namba. Kumi na tano. Akachomeka ya pili. Kumi na tano vile vile. Kumbe simu hazili kitu, akasema moyoni. Kufika magharibi zilikuwa kumi na moja, nyingine kwenye kompyuta, nyingine kwenye soketi ya mezani.

Usiku wa pili, saa tisa kasoro, tiii.

"Ishushe iwe kumi," akasema Daktari. Saa moja baadaye akarudi. "Saba."

Kompyuta ikawa ya kusikitisha. Ungemenya ndizi za sufuria nzima ndipo kadi moja ya mtoto ifunguke. Taarifa za usiku hazikwenda. Na usiku wa tatu mlio ukaja mapema zaidi, saa nane na robo.

Kulipokucha Daktari akamwita pembeni.

"Mama Lusajo, nisikilize. Mafuta ya jenereta yamebaki chupa moja. Usiku wa leo betri zikilia tena, kesho mtoto anateremka hospitali ya wilaya."

"Barabara ile ni saa nne, Daktari! Mtungi wa oksijeni wa gari unatosha saa mbili, umesema mwenyewe, saa mbili, sasa hizo mbili nyingine atavuta nini?"

Daktari aligeuka. Aliitazama kompyuta.

"Ibane zaidi," akasema, akaondoka.

Tusekile hakuibana. Alimpigia Bupe akalia kwenye simu mpaka salio likaisha, na jioni Bupe akashuka kwenye bodaboda, matope hadi magotini.

"Umeiacha kwenye ngapi?"

"Saba."

"Maskini. Mmeinyonga kabisa. Hebu izime."

Tusekile akaizima. Bupe akatoa mkobani kipimo cha fundi, kinachouma waya kama kaa, akakiumisha kwenye waya unaoleta umeme kwenye meza ile.

"Wati mia mbili na themanini," akasoma. "Na kompyuta imelala. Anayekula ni nani?"

Akainama chini ya meza na tochi. Akaziona simu, zimepangwa kama dagaa juani.

"Mdogo wangu!"

"Nilitazama namba, dada, wallahi nilitazama, kila nikichomeka haikusogea!"

"Nilikuambia ni namba ya nani?"

"Ya prosesa."

"Basi. Wewe ukipanda mizani, itakuambia jirani yako ana kilo ngapi?"

Tusekile akazichomoa moja moja. Alikuwa anamwona Lusajo kwenye gari, mtungi umeisha, na hatia ni ya mama yake mwenyewe aliyekuwa akipokea uji.

Bupe akatazama kipimo tena. Hakufurahi.

"Mia mbili na kumi. Simu zimetoka, kompyuta imezimwa. Bado kuna mlaji, na huyu ndiye mkubwa."

Wakaivuta meza. Nyuma yake waya mweusi ulitambaa ukutani, ukapita nyuma ya kabati la mafaili, ukaingia kwenye tundu. Upande wa pili wa ukuta ule ilikuwa stoo ya nyumba ya mganga.

Walizunguka nje. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na joto likawapiga usoni kabla hawajausukuma. Ndani, kwenye duara la maboksi, vifaranga mia mbili walikuwa wanalia chini ya taa nyekundu ya joto. Daktari Mwaipaja alisimama katikati yao na bakuli la pumba.

Daktari akasogea mbele ya taa.

"Ni taa tu," akasema. "Baridi ya huku mnaijua. Juzi mlipoipata ile namba ya kompyuta, niliichomoa taa, nikaichomeka tena, nikaenda kutazama. Namba haikusogea hata moja. Nikasema, kumbe haili kitu."

Tusekile alikuwa amekuja na maneno, makali, mengi, ameyapanga njia nzima ya kuzunguka ukuta. Lakini haya ya Daktari ndiyo aliyojiambia yeye mwenyewe juu ya simu, neno kwa neno.

"Taa hii ina siku ngapi, Daktari?" Bupe akauliza.

"Tatu."

"Na betri zimelia usiku ngapi?"

Daktari akaitazama taa. Akaweka bakuli chini, akauvuta waya kwa mkono wake mwenyewe. Stoo ikawa giza. Baada ya dakika chache alionekana akibeba maboksi kwenda jikoni kwake, kwenye jiko la mkaa, kifaranga mmoja amemkaa begani.

Bupe aliiwasha kompyuta, akairudishia kumi na tano yake. Taarifa za siku mbili zikaanza kwenda.

Usiku huo Tusekile hakulala. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita, naye ameshika ule mguu. Saa kumi. Mashine ya oksijeni ilikuwa inakoroma vile vile, taratibu, na chumba cha betri kilikuwa kimya mpaka jua likaingia dirishani.

Daktari alikuja kabla ya chai. Akamsikiliza mtoto kifua, akachukua muda mrefu kuliko kawaida.

"Mtoto haendi kokote," akasema. Kisha akashusha sauti. "Na yale ya vifaranga, Mama Lusajo. Wilayani wakisikia..."

"Na yale ya simu zangu?"

"Simu zipi? Mimi sikuona simu."

Tusekile alimfunika mtoto vizuri, mpaka shingoni.

"Waya ule usirudi ukutani, Daktari. Usirudi. Hayo mengine tunayajua sisi watatu, na mimi simwambii mtu mwingine yeyote."

Funzo: Namba husema kweli juu ya kile tu ilichowekwa kukipima. Kabla hujambana zaidi yule anayeonekana kwenye kipimo, fuata waya hadi mwisho wake, na uanze na ule unaoingia nyumbani kwako.