Chaneli Iliyokataza Neno "Hapa"

Wapendwa, kaeni. Mzee wa kanisa, tufungie huo mlango tafadhali, maana nikishaanza sitaki mtu akumbuke ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Nimeamka nimeudhika, nimepanda madhabahuni nimeudhika, na sioni sababu ya kuwaficha. Mchungaji naye ni mtu. Sikilizeni mfano.

Palikuwa na kituo kimoja cha televisheni chenye chaneli mbili za habari, na zote mbili zilitangaza usiku na mchana bila kupumzika. Ya kwanza ilikuwa ya habari za nyumbani. Ukiifungua unakuta maji yamekatika mtaa fulani, lori limelala njiani kwenye mlima fulani, chanjo ya ng'ombe inaanza Jumanne tarafa fulani. Ya pili ilikuwa ya habari za dunia: vita, marais, na hali ya hewa ya miji ambayo wewe na mimi hatutaiona. Kila chaneli ilikuwa na watu wake na meza yake. Na waliotazama ile ya nyumbani walijua kwamba mtangazaji akisema "leo hapa kwetu", anasema na wao.

Siku moja wakubwa wakakaa kikao. Vikao mnavijua. Wakatoka na neno tamu: kuunganisha. Chaneli mbili ziwe moja, meza mbili ziwe moja, habari moja imfae aliyeko kijijini na aliyeko ng'ambo ya bahari. Je, kuunganisha ni dhambi? Hapana, mimi mwenyewe nawaombea umoja kila Jumapili. Lakini meza zilipounganishwa, mhariri mkuu mpya, aliyetoka chaneli ya dunia, akabandika ukutani karatasi ya masharti. Sharti la kwanza lilisema hivi: ni marufuku mtangazaji kutamka "hapa", na ni marufuku kutamka "kwetu". Sababu? Mtazamaji wa ng'ambo akisikia "hapa" hatajua hapa ni wapi.

Mnacheka. Chekeni tu, tutafika.

Sasa, pale kituoni alikuwapo dada mmoja, mhariri wa miaka mingi wa habari za nyumbani. Alasiri moja akapigiwa simu na mwandishi wao wa wilayani. Mwandishi yule alikuwa amesimama kwenye daraja la mto Mng'onda, anahema kama mtu aliyefukuzwa. Nguzo ya katikati ilikuwa imetitia, na ufa wake unameza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, watu wote wa upande ule wangevuka na mizigo yao. Ofisi inayohusika alishapiga simu, akaambiwa mwenye kuhusika yuko semina. Alishakata matawi akayatandaza barabarani kama tunavyofanya gari likiharibika, madereva wakayatupa pembeni. Kila aliyemwonya alimjibu neno lilelile: "Kama daraja ni bovu, mbona kwenye taarifa ya habari hawajasema?"

Mnaona watu walivyoiamini televisheni? Walikuwa tayari kutii. Walingoja kuambiwa tu.

Dada yule akaenda mbio kwa mhariri mkuu.

"Bosi, nina habari ya kutoka sasa hivi. Daraja la Mng'onda linataka kuanguka. Tuwaambie watu wasilivuke."

"Mng'onda ni wapi?"

"Ni hapa, bosi. Hapa kwetu."

"Umevunja sharti mara mbili kwa pumzi moja," akasema mhariri mkuu, na kidole kikaonyesha ukutani. "Dada yangu, mtu aliyeko Ulaya ukimwambia asivuke daraja la Mng'onda, atakuelewa? Alikuwa na safari ya kwenda huko?"

"Wa Ulaya hatavuka. Ila wa Mng'onda watavuka kesho asubuhi, bosi."

"Ndiyo maana nasema ipanue. Ipe sura ya kumgusa kila mtu."

Kumgusa kila mtu! Haya, wakaanza kuipanua. "Mng'onda" ikafutwa, ikaandikwa "wilaya moja ya nyanda za juu". Ikaonekana bado ni finyu, ikawa "nchi moja ya Afrika Mashariki". Bado finyu, ikawa "ukanda wa Afrika Mashariki". "Msivuke" nayo ikafutwa, maana ile ni amri, na huwezi kuamuru dunia nzima. Pakawekwa "wasiwasi unaongezeka". Wakamtafuta profesa wa ng'ambo, akaeleza vizuri sana, tena kwa tabasamu, jinsi saruji inavyozeeka. Picha ya daraja la Mng'onda haikuwa na mvuto, wakatia ya daraja jingine lenye taa. Dada akaisoma mara ya mwisho, akatia sahihi yake, akaenda kunywa chai.

Sasa nawauliza, na mnijibu: katika habari ile, uongo uko wapi? Tafuteni. Saruji haizeeki? Wasiwasi haukuongezeka? Kila neno lilikuwa kweli tupu! Hicho ndicho kinachonitia kichaa, wapendwa. Angedanganya tungemkamata. Hakudanganya. Aliondoa tu neno moja dogo la herufi nne.

Asubuhi ikafika. Kando ya daraja la Mng'onda, hatua chache tu kutoka kwenye ile nguzo, palikuwa na mgahawa wa mama mmoja, mke wa mtu aliyebeba nyanya kwa pikipiki kupeleka gulioni. Mumewe alikuwa amekaa anakunywa chai, matenga mawili yameshafungwa kwenye pikipiki pale nje. Ukutani palikuwa na televisheni. Ikaja ile habari.

"Nyamazeni!" akasema mama. "Wanasema juu ya madaraja."

Mgahawa mzima ukanyamaza. Wakasikiliza mpaka mwisho, pamoja na profesa na tabasamu lake.

"Masikini wa Mungu," akasema mama. "Sijui ni wapi huko."

"Huko huko kwao," akasema mumewe. "Umeona daraja lenyewe lilivyo na mataa? Pesa za taa wanazo, za nguzo hawana. Viongozi wao hawana huruma hata kidogo."

"Na watoto wanapita hapo, Baba Atupele!"

"Mungu awasimamie, tutafanyaje? Nifungie chapati mbili, Mama Atupele, nachelewa."

Akafungiwa chapati. Akatoka. Akayakuta matawi ya yule mwandishi, maana alikuwa ameyarudisha tena alfajiri. Na yule mwandishi mwenyewe alikuwa amesimama palepale, sauti imemkauka, amenyoosha mikono miwili. "Baba, nakuomba, usivuke."

Mwenye nyanya akasimamisha pikipiki, akashuka, akayaokota yale matawi kwa mkono wake mwenyewe, akayaweka kando taratibu, bila hata kugombana. "Mdogo wangu," akasema, "habari ya madaraja mabovu nimetoka kuitazama sasa hivi. La kwetu hawakulitaja."

Akavuka. Alifika katikati.

Mchana ule chaneli ilisimamisha kila kitu. Waandishi wakashushwa Mng'onda kwa ndege, ramani ikawekwa na alama nyekundu, watangazaji wakafundishwa kutamka "ng'o" mpaka wakaiweza. Na mbele ya mgahawa wa yule mama, mbele ya macho yake, kijana nadhifu mwenye kipaza sauti akaiambia dunia nzima: "Mtazamaji, niko hapa Mng'onda." Hapa! Sasa likaruhusiwa. Neno lililokuwa la kumwokoa mtu likatumika kumtangaza marehemu.

Nasikia mnaguna. Akina mama pale wanatikisa vichwa, mmoja anafuta machozi. Mnamlilia nani? Mama Atupele? Hayupo! Nimemtunga leo asubuhi nikipiga mswaki. Baba Atupele hayupo, pikipiki haipo, Mng'onda haipo kwenye ramani yoyote. Mmekaa kwenye mgahawa, mmesikiliza mpaka mwisho, mmesema masikini wa Mungu, na kila mmoja wenu yuko tayari kutoka, kufungiwa chapati zake, na kuvuka.

Ndivyo tulivyo sisi. Nikihubiri juu ya ulevi, unamgusa jirani yako kwa kiwiko. Nikihubiri juu ya masengenyo, mnaangaliana na kusema leo wameambiwa. Wameambiwa akina nani? Mnanifuata mlangoni: "Mchungaji, mahubiri mazuri, laiti fulani angekuwapo." Kila Jumapili fulani hayupo! Miaka kumi na moja nahubiri katika kanisa hili na sijabahatika kumpata mtu mmoja ninayemhubiria.

Lakini leo sikuja kuwagombeza ninyi peke yenu. Yule dada mhariri ni mimi. Nimetia sahihi. Tangu Pasaka nilikuwa na habari mkononi, mwandishi wangu alinipigia huku anahema, na mimi nikaipanua. Jumapili ya kwanza nikahubiri juu ya hali ya wajane barani Afrika. Ya pili, juu ya changamoto za mirathi katika jamii za leo. Ya tatu nikaleta hadi takwimu za nchi za nje. Na mnajua nani aliyeitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote? Mimi namjua. Alikuja kunishika mkono akasema, "Mchungaji, hao watu wanaowanyanyasa wajane Mungu awashughulikie." Nikamwambia asante. Nikamwambia asante, wapendwa! Niliogopa. Ni mtu wa kamati, ni mtu wa michango, nikaona heri niseme na bara zima kuliko kusema na mtu mmoja aliyeko mbele yangu.

Basi karatasi ile ya ukutani mimi naibandua. Hapa. Nasema hapa, katika usharika huu, si barani, si katika jamii za leo. Kuna mama alizika mume wake wiki sita kabla ya Pasaka, na ninyi mlikwenda, mlikula, mliimba. Siku ya arobaini shemeji zake wakabadilisha kitasa cha mlango. Yule mama na wanawe wawili wanalala kwenye stoo ya shule ya chekechea, nyuma ya ukuta huu mnaouegemea, na mvua za wiki hii mmezisikia wenyewe. Mashemeji zake hawako Ulaya. Wamekaa upande wa madirisha, benchi la tatu, na wamevaa vizuri.

Msigeuze shingo kuwatazama! Angalia mbele, wewe. Unageuka kwa nini, wewe uliyejua tangu Pasaka ukanyamaza kama mimi? Nani kati yetu hakupita pale kwenye stoo akaona nguo za watoto zimeanikwa dirishani? Tulisema masikini, tukapita.

Kwaya, msisimame. Leo hakuna wimbo wa kufunga, na hakuna baraka mpaka jambo hili liishe. Mimi sina zaidi ya kusema. Yule mama nimemwomba aje, amekaa kule nyuma karibu na mlango, na kanga yake ya msiba bado ameivaa. Ufunguo wa nyumba yake uko ndani ya kanisa hili, mfukoni mwa koti la mtu.

Nakaa chini. Tunangoja ufunguo.