Miti Iliyopinda ya Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, jiko na shoka kama sisi, palikuwa na msitu mkubwa karibu na bahari. Mivule ilikuwepo, na mikangazi, mirefu na iliyonyooka. Lakini kati yake ilisimama miti mingine mingi iliyopindishwa na upepo wa pwani, ikawa kama wazee walioshika viuno.

Ndani ya mvule mmoja uliopinda aliishi Bi Kindi, mjane, na wanawe wanne. Alikuwa mdogo, ungeweza kumficha ndani ya kata ya maji. Lakini akili! We! Akili yake haikuenea katika pishi.

Siku moja ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Alikuwa Mfalme Tembo. Nyuma yake alikuja Nyati, mnyapara wa wakata miti, na nyuma ya Nyati wanyama wengi wenye mashoka.

"Hodi humu!"

"Karibu, mfalme. Shikamoo."

"Marahaba. Bi Kindi, funga mizigo yako. Chumvi imeisha nchi nzima, na kule kisiwani imejaa tele. Nataka merikebu ishirini za kuifuata. Nitaukata msitu wote."

"Wote?"

"Wote!" akanguruma Nyati. "Hautabaki hata mti wa kuanikia nguo."

Bi Kindi akawatazama wanawe. Angeweza kulia, lakini machozi hayajawahi kuzuia shoka. Akasema kwa upole:

"Msitu ni wako, mfalme. Mimi mjane nakuomba ile miti iliyopinda tu. Haitoi ubao wala mlingoti."

Tembo akacheka hadi masikio yakapepea. "Hii yenye migongo kama ngamia?"

"Hiyo hiyo. Na kivuli chake, wanangu wapate pa kuchezea."

"Chukua! Na kivuli kichukue!"

"Basi niapie, mfalme, wasije wakasema nimeiba."

Tembo akainua mkonga mbele ya wote. "Mti uliopinda, na kila kilicho kivulini mwake, ni mali ya Bi Kindi. Atakayegusa bila ruhusa yake, hata nikiwa mimi, si mwenzetu tena!"

Kesho yake asubuhi Nyati akaja na shoka lake. Akachagua mvule mzuri ulionyooka, akainua shoka juu.

"Hee, kaka Nyati!" Bi Kindi akaita kutoka tawini. "Tazama hapo uliposimama."

Nyati akatazama chini. Kivuli! Akahamia mti wa pili. Kivuli. Wa tatu. Kivuli. Jua la asubuhi lilikuwa chini bado, na vivuli vya miti iliyopinda vilikuwa virefu ajabu.

"Nitangoja jua lipande," akasema.

Alasiri akarudi. Vivuli vikawa vimelala upande wa pili, virefu vilevile, vimefunika mivule kama asubuhi.

"Mbona vimehama?"

"Kivuli ni mtembezi, kaka yangu."

Basi Nyati akabaki kukata saa sita mchana tu, vivuli vilipojikunja. Kwa! Kwa! Kwa! Jua likamchoma mgongo, ulimi ukamtoka nje. Baada ya siku saba alikuwa na miti ya merikebu moja tu. Tembo alikasirika, lakini kiapo ni kiapo.

"Haya, tuanze na hiyo moja," akasema.

Fundi wa merikebu alikuwa Nyegere, mfupi, mwenye maneno machache na tezo la kuchongea lenye makali. Akalaza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote. Akapasua mbao. Kisha akakaa juu ya mkuku, akajifuta jasho.

"Mfalme, sasa nipe mataruma."

"Mataruma ndiyo nini?"

"Mbavu za merikebu. Mbao hupigiliwa juu yake. Bila mbavu, hizi ni kuni tu."

"Si uchonge katika miti iliyobaki?"

"Haiwezekani. Taruma lizaliwe limepinda. Ukichonga mpindo katika mti ulionyooka, unakata nyuzi zake. Wimbi la kwanza tu, umevunjika."

"Nitaupinda mimi!" akasema Nyati. Akakalia ncha moja ya mti, nyingine akaivuta kwa pembe. Mti ukalia, kwiii... kwiii... PWAA! Ukavunjika, kipande kikamchapa puani.

"Yallah! Pua yangu!"

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana. Nyati akasema kwa hasira, "Miti iliyopinda iko kule tele. Twende tukaichukue. Kindi ni nini?"

Nyegere akaweka tezo chini. "Mimi sichongi mti wa kiapo."

Tembo akaenda msituni peke yake, bila mnyapara. Alipofika kwenye mvule uliopinda akapiga magoti.

"Bi Kindi, watoto wa nchi hii wanakula mboga bila chumvi. Nakuomba miti yako."

Bi Kindi akashuka hadi tawi la chini, akajibu: "Miti sitoi, mfalme. Natoa matawi. Fundi apande, achague yaliyopinda anavyotaka, mashina yabaki yamesimama. Na kila mti ulioangushwa upandiwe mitatu, mashimo uchimbe wewe kwa meno yako. Na merikebu iwe hiyo hiyo moja."

"Moja tu?"

"Chumvi ya merikebu moja tutaila muda gani?"

Tembo akafikiri, akashusha pumzi. "Miaka miwili."

"Basi ishirini za nini?"

Tembo akakubali. Ikawa hivyo. Nyegere akapanda miti, akigonga matawi, ko-ko-ko, akisikiliza. Kila alilolichagua lilikaa juu ya mkuku kana kwamba lilizaliwa pale. Mbao zikapigiliwa, nafasi zikazibwa kwa pamba na mafuta. Wakaisukuma wote pamoja, "Harambee! Haya!" Chubwi! Merikebu ikayumba kidogo, ikatulia juu ya maji, imara na nzuri. Vigelegele vikapaa.

Tembo akasimama majini akiishangaa. "Bi Kindi, niambie kweli. Siku ile uliponiomba miti mibovu, ulijua?"

"Nilijua, mfalme."

"Nani alikufundisha kuunda merikebu?"

"Hakuna. Nilikutazama ulipokuwa ukihema pale mlangoni pangu. Nikajiuliza, mwili mkubwa hivi umeshikwa na nini? Mfalme, katika mbavu zako, upo hata mmoja ulionyooka?"

Tembo akajipapasa ubavu kwa mkonga. Akapapasa wa pili. Kisha akacheka, akainama mbele ya yule mdogo, na wanyama wote wakainama naye.

Hadithi imetia nanga, wanangu: mwenye nguvu huona mti wa kuangusha, mwenye akili huona kazi ya mti.