Binti Aliyelichoka Jina la Makapi

Sogeeni, mezeni mate, nianze.

Palikuwa na msichana aitwaye Makapi, na jina hilo lilikuwa limemfika kooni. Kila akienda kisimani wenzake humcheka: "Makapi ya mpunga hutupiwa kuku!" Mara tatu alimlalamikia mama yake, na mara tatu akajibiwa, "Mwanangu, hebu niache."

Siku moja akabwaga ungo. "Basi! Nimechoka. Leo nachagua jina zuri!"

Hapo hapo zimwi likasimama mlangoni, mate yanalidondoka. "Nani kataja jina zuri? Mama wee, Johari wako nilimla, Zumaridi nikamla, maana majina yao yalikuwa matamu. Huyu naye anaitwa nani?"

Makapi, ambaye hakuwahi kuambiwa kuwa alikuwa na dada, akamtazama mama yake, akaelewa.

"Makapi!" akafoka. "Makapi, Makapi! Niseme mara ngapi?"

"Ptu! Mimi nile makapi?" Zimwi likaenda zake na njaa yake.

Miaka ikapita. Makapi akazaa binti, akamwita Makapi. Binti akakua, akarudi kutoka kisimani amevimba kwa hasira. "Mama, jina gani hili?"

Mama yake akaendelea kupeta mpunga. "Mwanangu, hebu niache."