Kwa Nini Pasaka ya Kitundwe Hupigiwa Kelele

Mnanung'unika kwamba sisi wa Kitundwe asubuhi ya Pasaka tunapiga kelele mlimani kama watu waliovamiwa na siafu. Nyamazeni basi, niwaambie.

Zamani Kitundwe ilisali kwa kunong'ona. Kuanzia Alhamisi Kuu hapakuwa na kengele, wala aliyethubutu kuita hata mbuzi wake. Katekista Melkiori, mtu wa sheria nyingi, alifundisha kwamba Bwana yuko kaburini, na atakayepaza sauti kabla padri hajaja kuifungua Pasaka atakiamsha kifo. Tukaamini. Padri alitoka ng'ambo ya mto kwa miguu, na mpaka afike, Pasaka ilikuwa haijaanza.

Mwaka huo masika yaliujaza mto, padri akachelewa. Jumapili asubuhi ukungu ulishuka mzito, hata mlango wa kanisa hukuuona ukiwa umeushika. Gaudensia aliingia amelowa, akapiga magoti karibu na Melkiori.

"Mwanangu Yusta nilimtuma maji. Hajarudi."

Kila mtu alijua njia ya kisimani inapita ukingoni mwa korongo. Mbuzi huanguka mle usisikie anapotua.

"Sali, mama," Melkiori akanong'ona. "Kimyakimya."

Wakasali. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Ndipo jiwe likaporomoka huko nje, likagonga, likagonga tena, halafu kimya. Hakuna aliyeinuka. Waoga wale, na mama yangu alikuwa mmojawapo.

Gaudensia akatoka. Jina la mwanawe hakuliita, kwa maana kwetu mtu haitwi jina kwenye ukungu: huwezi kujua ni nani atakayeitika. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu. Akajaza kifua, akapiga ukelele:

"Kristo amefufukaaa!"

"Umetuua, mwanamke!" Melkiori akalia, akajifunika kichwa kwa kanzu.

Wakangoja kufa. Badala yake, kutoka chini, chini ya ardhi kabisa, kikatoka kisauti chembamba:

"Amefufuka kweli. Aleluya."

Walio magotini wakalala kifudifudi. Walidhani ni maiti. Gaudensia peke yake aliijua sauti ile. Akaita tena sala ileile, ikajibiwa tena, safari hii hafifu. Mtoto alikuwa amening'inia kwenye mzizi, chini ya ukingo, na mkono unachoka.

Wanaume wakatambaa wakiifuata sauti. Ilipofifia, kanisa zima liliita. Melkiori aliita kuliko wote, mpaka sauti ikamkauka, na kamba iliyomvuta Yusta ilikuwa mshipi wa kanzu yake.

Padri alifika mchana, amelowa hadi kiunoni. Akauliza nani kaanza Pasaka bila yeye.

"Ukungu, baba," Melkiori akajibu kwa sauti ya chura.

Na tangu siku hiyo, alfajiri ya Pasaka nyumba ya juu kabisa huita, kila nyumba hujibu, hadi ya mwisho bondeni. Hakuna anayewasha moto kabla. Nyumba isiyojibu tunaiendea.

Mwaka jana kwa bibi Skolastika, aliyekaa peke yake, hakukujibiwa. Tuliita tena. Tukateremka kwenye ukungu tukisali kwa sauti, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuusukuma ule mlango.

Sasa nyumba ya juu kabisa ni yangu. Kesho msijifunike blanketi. Mkinisikia, jibuni. Msiponisikia, njooni.